Land Rover 109 milango haikai: juu mwanya unaingia kidole, chini inakwaruza. Ni bawaba, fayawoli au chesisi?

#1 Mwana wa Shangani
Habari za jioni wakuu, niende kwenye mada. Nina Land Rover 109 Series III niliitoa Masasi mwaka 2021 ikiwa imelala chini ya mwembe kuku wanatagia ndani. Nipo nayo nyumbani Shangani hapa Mtwara, naifufua kidogo kidogo kila nikipata hela, na sina haraka kwa sababu gari ya aina hii hii ndo babu yangu alikuwa anabebea korosho Tandahimba, nataka siku ikitoka barabarani itoke kama alivyokuwa anaitunza yeye.

Injini inawaka, gia zinaingia. Nimekwama kwenye bodi, sasa ni miezi miwili. Mlango wa kushoto ukiufunga, mwanya wa nyuma, yaani kati ya mlango na bodi ya nyuma, juu kabisa ni milimita 17, kidole changu kinapita chote. Chini ni 3 na ukifungua unakwaruza. Mlango wa kulia juu 10 chini 6. Halafu huo wa kushoto mkia wake, yaani ukingo wa nyuma ulio mbali na bawaba, umepanda, ule mgongo wa bati unaotembea ubavuni kutoka madigadi mpaka nyuma haukutani, mlango upo juu ya bodi kwa milimita 5. Kulia unakutana vizuri.

Kilichofanyika mpaka sasa: mkono wa chesisi wa kushoto, kile kipande kinachotokeza pembeni kubeba bodi, ulikuwa umeoza na chumvi, pamoja na mguu wa nguzo ya mlango upande huo huo. Fundi mmoja hapa mjini alikata akachomelea vipya. Bodi ya nyuma ilitoka nikairudisha mwenyewe na vijana, nikaweka mpira wa tyubu kati ya aluminiamu na chuma ili visilane. Paa limeshafungwa. Bawaba ni zile zile za zamani.

Sasa fundi anasema tusihangaike, aongeze puti kwenye ukingo wa mlango achonge mpaka mwanya uwe sawa halafu tupige rangi. Moyo wangu umekataa. Nianzie wapi?

#2 Korosho Ghafi
Bawaba hizo mkuu. Gari ya miaka 40 bawaba zimelika, weka mpya mlango utakaa. Mi Hilux yangu ilikuwa hivyo hivyo mlango unashuka mpaka unaunyanyua na goti ndo ufunge, nilibadilisha bawaba yakaisha.

#3 504 Mkongwe
Kabla ya yote, puti HAPANA. Nipo Nachingwea na Peugeot 504 ya baba mdogo, tulifanya kosa hilo hilo. Mlango wa nyuma ulikuwa na mwanya mkubwa, fundi akajaza puti kwenye ukingo, akapiga msasa, ikapendeza kweli siku ya kwanza hata mimi nilimsifia. Tukaenda nayo Newala kwenye msiba na kurudi. Kufika nyumbani ukingo wote umepasuka, kuna kipande kirefu kama mkate wa kumimina kiling'oka kikaanguka nilipofunga mlango tu. Na chini yake bati lilikuwa lina unyevu, kutu imeshaanza. Puti ni ya kufuta vibonde, haijengi ukingo wa mlango unaopigwa kila siku.

#4 Fundi Bati Mikindani
Korosho Ghafi soma tena alichoandika mwenye gari. Kasema mkia wa mlango UMEPANDA. Bawaba ikilika mlango unashuka mkia, kama wa kwako ulivyokuwa unaunyanyua na goti. Hakuna bawaba iliyolika ikapandisha mlango.

Mwana wa Shangani fanya hivi. Fungua mlango nusu, shika mkia wake kwa mikono miwili, nyanyua na kushusha. Ukisikia unacheza angalia bawaba ipi inacheza. Usiposikia kitu achana na bawaba kabisa.

Mimi nakuambia bila kuiona, hiyo ni fayawoli. Wale wasiojua, hilo ni lile bati zito la chuma linalotenganisha injini na kabini, na milango ya mbele ya 109 inaning'inia kwenye nguzo za hilo bati. Linakaa juu ya mikono ya chesisi kwa bolti mbili ndefu, kila mguu moja, na ukizilegeza linaweza kulala mbele au nyuma. Likilala mbele, kichwa cha nguzo kinakwenda kwenye rejeta na mkia wa mlango unapanda, juu mwanya unafunguka chini unabana. Likilala nyuma inakuwa kinyume chake. Wewe upande wa kushoto ndo ulikatwa na kuchomelewa, na upande wa kushoto ndo mbaya. Jumlisha mwenyewe.

#5 Mwana wa Shangani
Shikamoo mzee. Nimetoka kufanya sasa hivi na tochi ya simu, mlango hauchezi hata kidogo. Bawaba ngumu kama mpya.

#6 Liwale Kwetu
Wakuu mnamtesa bure. Hizo gari hata zikitoka kiwandani hazikuwa sawa, zilitengenezwa kwa mabaki ya ndege za vita na kila bodi ilikuwa inafungwa kwa mkono na mtu tofauti. Series III za 1968 nimeziona nyingi Liwale na hakuna hata moja ambayo milango yake inafanana. Funga mlango, weka raba nene, endesha.

#7 Chumvi ya Bahari
Liwale Kwetu ndugu yangu nakurekebisha mawili. Series III ilianza 1971 ikaisha 1985, hiyo ya 1968 uliyoiona ni Series IIA. Angalia grili, ya Series III ni ya plastiki, na dashibodi mita zipo mbele ya dereva, za kabla yake zipo katikati.

La pili hilo la mabaki ya ndege watu wanapenda kulisimulia. Gari ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, aluminiamu ndo ilikuwa inapatikana. Wakatumia mchanganyiko unaoitwa Birmabright, aluminiamu yenye magnesiamu ndani. Bati jipya, sio skrepa.

Ila hapo kwenye kufungwa kwa mkono upo sahihi. Hazikuwa na mwanya wa kunyoa kama gari za siku hizi, kila moja ilipangwa na wosha mpaka ikae. Lakini 17 na 3 kwenye mlango mmoja hakuna kiwanda kilichotoa hivyo.

#8 Binti Ruangwa
Habari zenu. Mimi sio fundi magari, baba ni seremala na nimekulia kwenye karakana yake, ila 109 ya nyumbani tulipanga milango mimi na yeye mwaka juzi. Naomba niongeze kitu kwa heshima zote kwa Fundi Bati.

Mlango ni kipande kimoja kigumu. Ukilalia mbele, kiasi kinachofunguka juu na kiasi kinachopanda mkiani vinakwenda pamoja, kwa sababu kimo cha nusu ya chini ya mlango, bila dirisha, na upana wake havipishani sana. Tofauti ya juu na chini kwake ni 17 toa 3, ni 14. Kama fayawoli peke yake ndo imelala, mkia ungepanda karibu 14. Umepanda 5 tu. Hizo 9 zilizobaki zimetoka wapi?

Mimi naona zimetoka upande wa pili wa mwanya, bodi ya nyuma imelala nyuma. Na hata kulia ambako mkia unakutana kuna tofauti ya 4, huko fayawoli haihusiki kabisa. Weka pima maji juu ya ukingo wa bodi ya nyuma pande zote mbili halafu juu ya chesisi, ulinganishe.

#9 Korosho Ghafi
Duh. Binti Ruangwa wewe ungekuwa mwalimu wangu wa hesabu nisingeishia la saba. Nimeelewa mpaka nimechora kwenye boksi la sigara.

#10 Fundi Bati Mikindani
Binti hesabu yako nzuri, baba yako kakufunza. Ila hesabu hiyo inaamini mlango wenyewe ni mraba. Mlango wa Land Rover ni fremu ya chuma imevishwa aluminiamu, fremu ikiliwa na kutu kona ya chini au ikishawahi kupigwa, mlango unakuwa umeshaenda mshazari, na hapo 14 na 5 zako hazisemi kitu. Apime mlango kona kwa kona kwanza.

#11 Beetle ya Newala
Naomba niingie na kisa changu hata kama gari ni tofauti. Volkswagen Beetle, nilikuwa nayo Newala. Ile gari chini ya milango ina mirija miwili mikubwa inayopeleka joto la injini kabini, na mirija hiyo hiyo ndo uti wa mgongo wa bodi. Ikaoza. Tukakata YOTE MIWILI siku moja, kushoto na kulia, bila kufunga kitu kwenye matundu ya milango. Jioni tunachomelea vipya tukasema kesho tunapaka rangi. Asubuhi narudisha milango hakuna hata mmoja unaoingia, bodi imejifunga katikati, tundu la mlango limepungua karibu upana wa kidole. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nilikuwa nimeuza mbuzi wanne kwa ajili ya kazi hiyo.

Tulikata tena upya. Safari hii tukachomelea bomba la maji la chuma kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, jingine mshazari, upande mmoja kwanza ukiisha ndo wa pili, na kila baada ya sentimita chache tunarudisha mlango tunajaribu. Ilichukua wiki tatu.

Sasa swali kwa mwenye uzi: fundi alipokata mguu wa nguzo ya kushoto, alifunga bomba lolote kushikilia? Kwa sababu chuma kikichomelewa kinapoa kinasinyaa na kinavuta nguzo upande uliochomelewa.

#12 Mwana wa Shangani
Asanteni sana wote. Najibu kwa pamoja.

Beetle ya Newala: hapana, hakufunga kitu. Nilikuwepo. Alikata, akaegesha mguu mpya kwa jicho, akachomelea mzunguko mzima bila kupumzika mpaka chuma kikawa cha bluu.

Binti Ruangwa: pima maji nimeweka. Ukingo wa bodi ya nyuma, kushoto povu limekimbilia mbele kabisa, yaani nyuma kumelala. Kulia limesogea mbele kidogo. Chesisi ni shida kuipima kwa sababu nimeipandisha kwenye stendi nne, mbili mbele kidogo ya katikati na mbili nyuma kidogo ya katikati, matairi yapo nje tangu mwezi wa tatu.

Halafu kuna kitu nimekiona leo nikiwa nimelala chini. Ule mpira wa tyubu niliouweka chini ya bodi, wa kona ya nyuma kushoto umebanwa mpaka umekuwa kama karatasi, unatokeza pembeni. Wa kulia bado mnene. Nikakumbuka kwamba gia boksi ya zamani niliiweka ndani ya bodi, kona ya nyuma kushoto, na ipo humo mpaka leo.

#13 Binti Ruangwa
Hapo kaka umejijibu nusu.

#14 Fundi Bati Mikindani
Subirini. Kabla ya mpira kuna stendi. Mwanangu huwezi kupanga milango gari ikiwa imebebwa katikati. Chesisi ya 109 ni ndefu, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 109, karibu mita 2.77, injini nzito inaning'inia mbele na bodi na hilo gia boksi lako linaning'inia nyuma, na wewe umeweka stendi kwenye tumbo. Inajipinda kama mtu aliyelazwa kwenye benchi, kichwa na miguu vinashuka. Sio sana, lakini ikishuka kidogo tu kila upande mwanya wa juu wa milango unafunguka, pande zote mbili. Hiyo 4 ya kulia inaweza kuwa hapo.

Rudisha matairi, ishushe kwenye sakafu iliyo sawa, itikise, ilale usiku mmoja, asubuhi ndo upime. Na usipime kwa macho. Chukua kijiti cha kuchomelea geji 10, gonga unga wake wote utoke, ubaki waya mtupu, huo ni milimita 3.2. Geji 12 ni 2.5. Pitisha kwenye mwanya juu, katikati, chini, andika kwa chaki kwenye bati lenyewe.

#15 Chumvi ya Bahari
Mzee hiyo ya vijiti naichukua. Mimi natumia biti za drili lakini zinakwaruza rangi.

#16 Liwale Kwetu
Naomba na mimi nirekebishe heshima yangu hapa, maana Chumvi ya Bahari kanishika na 1968. Mbona hamna aliyeuliza kuhusu paa? Kasema limeshafungwa. Paa limeshikwa mbele na fremu ya kioo, na fremu ya kioo imekaa juu ya fayawoli. Nyuma limeshikwa na ubavu wa bodi. Ukikaza paa kabla ya milango umeshafunga kichwa cha fayawoli pale kilipo, ukilegeza bolti za chini haitakwenda popote. Sisi Liwale tulishahangaika na moja siku nzima tunasukuma na jeki, kumbe bolti za paa. Tulipozilegeza tu ilisogea yenyewe ikalia *taa*.

#17 Fundi Bati Mikindani
Hapo umesema kweli na nilisahau. Paa ni la mwisho. Mimi utaratibu wangu ni chesisi iwe sawa, fayawoli na bodi ya nyuma viwekwe bila kukazwa, milango ining'inizwe mitupu bila raba, upange mianya, ndo ukaze chini. Madigadi na paneli ya rejeta baadae, boneti, paa la mwisho kabisa. Raba mpya nazo ni nene, ukiziweka mapema mlango utasimama nje na utadhani bodi imepinda.

#18 504 Mkongwe
Hili la kubebwa katikati ndo kipimo chetu kwenye 504. Ile haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndo kila kitu. Ukitaka kujua kama vizingiti vya chini ya milango vimeoza ndani, usiangalie rangi. Fungua na kufunga mlango gari ikiwa chini, halafu piga jeki ubavuni uinue tairi, fungua tena. Ukianza kubana au kugonga, kizingiti kimekwisha hata kama kwa nje kinang'aa. Ya kwetu ilibana.

#19 Korosho Ghafi
Mnaojua, hivi mwanya una faida gani zaidi ya uzuri? Nauliza kweli.

#20 Beetle ya Newala
Vumbi. Panda nayo Newala kiangazi uone. Lile vumbi jekundu linaingia kwenye mwanya wa juu linakushukia shingoni, ukifika hata kope zimebadilika rangi. Na mvua ya masika inaingia hapo hapo inakaa chini ya zulia, fayawoli inaoza tena kwenye miguu, unaanza upya.

#21 Fundi Bati Mikindani
Nyie mnasema vumbi. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003 tulikuwa tunasubiri kivuko Ndundu, masika barabara inakatika, unaweza kukaa siku ambazo huwezi kuzihesabu. Nilikuwa utingo kwenye 109 ya mzee mmoja wa Lindi. Usiku tunalala ndani na mbu wanaingia kwenye mwanya wa mlango. Mzee yule akachoka, akachukua khanga ya mkewe akachana vipande akaziba mwanya wote, tukalala. Asubuhi mlango haufunguki, khanga imelowa imevimba. Tulitokea dirishani, yale madirisha ya kusukuma. Hapo ndo nilipoanza kupenda kazi ya bodi, nilikuwa na miaka 19.

#22 Chumvi ya Bahari
Mzee ukipata nafasi fungua uzi wako wa visa vya barabara ya kusini. Nitasoma wote.

#23 Korosho Ghafi
Naunga mkono. Na mlikuwa mnakula nini siku zote hizo?

#24 Fundi Bati Mikindani
Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, tuliyobeba kutoka nyumbani, na samaki wa mtoni. Turudi kwenye mlango.

#25 Beetle ya Newala
Swali la pembeni kwa Fundi. Ukingo wa chini wa mlango wa mwenye uzi kwa kukwaruza utakuwa umekunjika, aluminiamu ukiigonga nyundo inakuwa ngumu halafu inapasuka. Unailainishaje?

#26 Fundi Bati Mikindani
Sabuni ya mche. Paka sabuni kavu juu ya sehemu unayotaka kunyoosha, pitisha moto wa gesi kwa mbali, moto mlaini, usiusimamishe sehemu moja. Sabuni ikigeuka kahawia kuelekea nyeusi toa moto. Acha ipoe, bati limelainika, gonga kwa nyundo ya mbao taratibu. Ikianza kuwa ngumu tena, sabuni tena.

#27 Chumvi ya Bahari
Naongeza onyo kwa vijana. Aluminiamu haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Tupu inayeyuka kwenye nyuzi 660, ya mchanganyiko chini ya hapo, unaiangalia ipo nyeupe vile vile halafu ghafla tundu. Nilitoboa digadi zima la Land Cruiser FJ40, hapana samahani, la FJ40 ni chuma, lilikuwa la 109 ya jirani hapa Kilwa Masoko. Nililipa.

#28 Mwana wa Shangani
MREJESHO. Samahanini nimepotea siku tisa, nilikuwa shambani, msimu umeanza.

Nimefanya haya. Nimetoa gia boksi. Nimerudisha matairi, gari ipo chini kwenye sakafu ya varanda ambayo niliipima kwanza. Nimelegeza paa lote kama alivyosema Liwale Kwetu, halikulia taa ila lilishuka kidogo mbele kushoto. Nimetoa mipira ya tyubu yote, nimekata vipande vya bati vya unene mmoja, nikavipaka rangi ya kuzuia kutu pande zote na kuweka kipande chembamba cha plastiki juu upande wa aluminiamu ili visigusane. Nikamwambia kijana wangu atikise gari huku na huku, tukaiacha usiku.

Asubuhi na kijiti cha geji 10 mkononi. Kulia: juu 8, chini 8. Nilirudia mara tatu sikuamini, nikamwita mama watoto aje apitishe kijiti na yeye.

Kushoto: juu 12, chini 7. Haukwaruzi tena. Lakini mkia bado umepanda zile zile 5.

Tatizo nimefanya yote kwa siku moja, kwa hiyo sijui ni stendi, ni mpira au ni paa.

#29 Binti Ruangwa
Hongera sana kaka. Tofauti ya kushoto sasa ni 5 na mkia ni 5. Hiyo ndo sehemu ya fayawoli iliyobaki, imetoka kama tulivyotarajia. Kwa maoni yangu kilichorekebisha ile nyingine ni mpira, kwa sababu kushoto ndo kulikozidi na gia boksi ilikuwa kushoto. Stendi zingeharibu pande zote sawasawa.

#30 Fundi Bati Mikindani
Hongera. Lakini binti, na kulia ilitoka 4 ikawa 0, na mpira wa kulia kasema ulikuwa bado mnene. Hiyo ni stendi. Nashikilia hapo.

#31 Liwale Kwetu
Na paa lililoshuka mbele kushoto mbona mnaliruka?

#32 Beetle ya Newala
Yote sawa ila 5 iliyobaki mimi nasema ni ule mguu uliochomelewa mpaka ukawa wa bluu. Nguzo ya kushoto imevutwa peke yake, fayawoli imejisokota. Ukilegeza bolti za chini na kuilaza nyuma utarekebisha kushoto na kuharibu kulia ambako sasa ni 8 kwa 8. Hapo hamna ujanja, ni kukata ule mguu na kufunga bomba kwanza.

#33 504 Mkongwe
Asikate chochote kabla hajapima mlango kona kwa kona. Fundi Bati alisema #10 na hakuna aliyefuatilia.

#34 Mwana wa Shangani
Nimepima leo mchana, niliazima kipimia pembe cha seremala hapa jirani. Nimeulaza mlango juu ya meza. Kona ya chini ya nyuma haipo sawa, imeingia ndani karibu milimita 2. Na nikikwangua rangi pale kuna alama ya kuchomelewa ya zamani sana, sio ya kwetu.

Nimepima na chesisi, timazi kutoka kwenye matundu ya bolti mpaka sakafuni, chaki, halafu uzi mshazari mara mbili, kona kwa kona. Mmoja umezidi mwingine kwa milimita 6.

#35 Chumvi ya Bahari
6 kwenye urefu wote ule mimi ningelala usingizi.

#36 Fundi Bati Mikindani
Mimi nisingelala. Ulipima ukiwa na nani? Uzi ukishikwa na mtu mmoja unalegea, hizo 6 zinaweza kuwa ni mkono tu. Usikate mguu, usikaze kitu, na huyo mwenye puti asikaribie. Jumamosi nina kazi Chikongola asubuhi, nikimaliza nakuja Shangani na timazi yangu ya shaba na kamba ya kuvulia ambayo haivutiki. Andaa chaki na mtu wa pili.

#37 Mwana wa Shangani
Karibu sana mzee, nitakuwepo na kijana wangu atakuwepo. Mama watoto kasema ataandaa ming'oko.

#38 Korosho Ghafi
Wakuu na mimi Hilux yangu boneti imeanza kupanda upande mmoja tangu nibadilishe rejeta. Mwanya wa kulia mkubwa kushoto hamna kabisa. Hiyo nayo ni fayawoli?

#39 Fundi Bati Mikindani
Umesema tangu ubadilishe rejeta. Aliyebadilisha alilegeza paneli ya mbele? Legeza bolti zake za juu usizitoe, funga boneti taratibu, halafu uniambie imesogea upande gani.